Muulize Fundi: Kengele ya sprinkla inalia usiku, moto hauonekani

Mwezi huu barua nne zimezungumzia kifaa kimoja kisichozidi ukubwa wa tofali: floswichi, ile swichi inayokaa juu ya bomba la sprinkla (vile vichwa vya darini vinavyomwaga maji moto ukizuka) na kuijulisha paneli ya moto, kile kisanduku kinachopokea ishara za kengele, kwamba maji yameanza kutembea. Nimezijibu zote nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu tatizo lake nimelikuta kwenye majengo mengi ya Dar es Salaam, na kwa sababu hatua anayotaka kuichukua mwenye jengo inanitia hofu.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni msimamizi wa jengo la ofisi la ghorofa kumi na moja hapa Posta, Dar es Salaam. Kwa miezi minne sasa paneli inatuonyesha kengele ya maji ya ghorofa ya saba. Inalia usiku wa manane, mara mbili au tatu kwa wiki. Tukipanda hakuna moto, hakuna sprinkla iliyopasuka, zulia kavu kabisa. Fundi wa kwanza alizungusha kitu ndani ya swichi akasema ameongeza muda. Ikatulia wiki mbili, ikaanza tena. Wa pili akabadilisha swichi nzima, hali ni ile ile. Mlinzi wangu mmoja anasema kengele huja pale umeme ukikatika muda mrefu halafu ukarudi, lakini wenzake wanambishia. Sasa walinzi wanainyamazisha tu bila kupanda. Mwenye jengo anataka tuizime zoni hiyo, yaani ishara ya ghorofa ya saba, kwenye paneli, na ikibidi tufunge valvu ya ghorofa, mpaka apatikane mtaalamu. Nifanyeje?
*Msimamizi wa jengo, Posta*

Marahaba mwanangu. Msikilize huyo mlinzi anayebishiwa. Kwa maelezo yako, yeye ameukaribia ugonjwa kuliko mafundi wote wawili.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ndani ya bomba la ghorofa kuna kasia la plastiki, jepesi, pana karibu sawa na tundu la bomba. Maji yakitulia, kasia limesimama. Maji yakitembea, linalala kuelekea yanakokwenda, na kijiti kilichoshikana nalo kinausukuma mkono mdogo ndani ya kiboksi cha juu. Mkono huo hauifungi saketi papo hapo. Upo kichelewesho, ambacho kwa swichi nyingi husetiwa popote kati ya sekunde 0 na 90. Kasia likibaki limelala mpaka muda uishe, paneli inalia. Likisimama kabla ya hapo, hesabu inarudi sifuri na kuanza upya.

Swichi hiyo haijui moto wala moshi. Inajua kwamba maji yametembea. Kwa hiyo kila inapolia bila moto, swali ni moja: hayo maji yalikuwa yanakwenda wapi wakati sprinkla zote zimefungwa?

Yalikuwa yanakwenda kuibana hewa.

Mfumo wenu ni wa mabomba yenye maji muda wote, lakini hakuna jengo ambalo mabomba hayo yamejaa maji matupu. Hewa hunaswa kwenye ncha za matawi, kwenye vile vipande vinavyopanda juu ya dari na kushuka tena. Tuseme ghorofa ya saba ilipojazwa maji, lita 100 za hewa hazikupata pa kutokea. Geji ya ghorofa, yaani kipimo cha presha, ikisoma baa 7, hewa hiyo imebanwa hadi lita 12 na nusu, na haimsumbui mtu. Sasa umeme unakatika jioni. Ile pampu ndogo ya kulinda presha, ambayo mafundi tunaiita joki, inalala. Kama kuna mahali maji yanavuja kurudi kwenye tenki, geji inashuka polepole: baa 6, baa 4, na kufika saa nane usiku imebaki baa 1. Hewa nayo imetanuka mpaka lita 50. Umeme unarudi, joki inaamka na kuirudisha geji kwenye baa 7. Ili hewa hiyo irudi kwenye lita 12 na nusu, lazima lita 37 na nusu za maji zipite kwenye kasia la ghorofa ya saba. Kwa joki inayosukuma lita 40 kwa dakika, hiyo ni karibu dakika nzima, na kasia limelala muda wote huo. Kengele imelia kihalali kabisa. Ndiyo maana swichi mpya haikusaidia.

Walinzi wengine wanabisha kwa sababu umeme hukatika mchana pia na kengele hailii. Nadhani jibu unalo wewe: mchana genereta inawashwa kwa ajili ya wapangaji, joki haikosi umeme, na geji haipati nafasi ya kushuka. Usiku ofisi zimefungwa, genereta inazimwa kuokoa dizeli. Chukua daftari la genereta, chukua na kumbukumbu za paneli, maana paneli huandika saa na dakika ya kila tukio, uzilinganishe kwa mwezi mmoja. Hiyo ni kazi ya nusu saa.

Nikishafika hapo nasimama kidogo, kwa sababu tumegundua jambo kubwa kuliko kengele. Kama ndivyo ilivyo, na kama hamna pampu ya dizeli, basi saa hizo zote za giza jengo lako halikuwa na pampu ya moto. Sprinkla ingepasuka ghorofa ya tisa ingetoa maji yaliyobaki kwenye bomba, kisha ingedondosha matone. Kabla hujamwita fundi yeyote, hakikisha pampu za moto zinapata umeme wa genereta usiku na mchana, awepo mpangaji au asiwepo. Hilo mwambie mwenye jengo leo hii.

Sasa hewa. Mbona ghorofa ya saba peke yake? Nenda kaulize kama kuna mpangaji aliyekarabati ghorofa hiyo muda mfupi kabla ya kengele kuanza. Karibu kila mara ninakuta hadithi ni ile ile: vyumba vimegawanywa upya kwa jipsamu, maji ya ghorofa yakamwagwa ili sprinkla zihamishwe, kazi ikaisha Jumamosi jioni, valvu ikafunguliwa yote kwa mara moja na mafundi wakaenda zao. Hakuna aliyekaa kuitoa hewa.

Kuitoa kunataka subira. Wajulishe wapangaji na yeyote anayepokea ishara za paneli yenu. Funga valvu ya ghorofa, mwaga maji, kisha fungua valvu ya jaribio iliyoko mwisho kabisa wa bomba. Halafu ifungue valvu ya ghorofa kidogo, robo mzunguko hivi, uyaache maji yaingie taratibu yakiisukuma hewa mbele yake. Niliwahi kuifanya kazi hii kwenye jengo moja la Upanga nikiwa nimeshika bomba la jaribio kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine. Kwanza ulitoka upepo mtupu wenye harufu ya chuma na mafuta ya kukatia nyuzi za bomba. Kisha maji meusi, yanatema, yananyamaza, yanakohoa, yanatema tena. Mara mbili nilidhani yamenyooka nikataka kufunga, na mara mbili bomba likakohoa upya mkononi mwangu. Ilichukua zaidi ya nusu saa mpaka uzi wa maji ukatoka mmoja, mweupe, usiotetemeka. Hapo ndipo unafunga. Kama ncha ya juu ya bomba haina pa kutolea hewa, mwambie fundi aweke valvu ya kutoa hewa pale. Ni kifaa kidogo na kinafanya kazi chenyewe miaka yote.

Kisha tafuta presha inakopotelea. Siku ya utulivu, zima joki makusudi huku mtu akiwa kwenye chumba cha pampu, andika geji, subiri saa moja, andika tena. Ikishuka na hakuna bomba linalodondosha, mshukiwa wa kwanza ni valvu ya kuzuia maji kurudi. Hapa Dar wengi tunajaza matenki kwa maji ya kisima yenye chumvi, na nimefungua valvu hizo nikakuta kitako chake kimeota kutu kama ganda la chaza. Kikisafishwa au kikibadilishwa, geji inakaa.

Kichelewesho ndicho cha mwisho kuguswa, na mafundi wengi hukigusa kwanza kwa sababu kinagharimu bisibisi tu. Sekunde 30 hadi 60 zinatosha majengo mengi. Kanuni za Marekani za NFPA zinataka kengele iwe imelia ndani ya sekunde 90 tangu maji ya sprinkla moja yaanze kutoka. Fundi wako wa kwanza aliongeza muda; kama na kwenye swichi mpya umesukumwa mpaka mwisho, nakuomba urudishwe mapema. Sikia kwa nini. Sprinkla moja ya kawaida, kwa presha ya baa 1, inatoa lita 80 kwa dakika, na floswichi nyingi huamshwa na lita 38 hivi. Kwa bomba lililojaa maji hakuna shida. Lakini kwenye bomba lenye hewa, mtiririko wa mwanzo hauji sawasawa. Hewa ile iliyobanwa ndiyo inayoyasukuma maji ya kwanza kutoka kwenye sprinkla, kasia linasimama, linalala, linasimama tena kila pampu inapowaka na kuzimika, na kila likisimama hesabu inarudi sifuri. Kwa hiyo hewa hiyo hiyo inayokuamsha bure usiku inaweza kuichelewesha kengele siku ya moto wenyewe, na kichelewesho kirefu kinazidisha.

Na kuhusu kuizima zoni na kuifunga valvu, nisikilize vizuri. Tarehe 4 Mei 1988, Los Angeles, Marekani, moto ulizuka ghorofa ya 12 ya jengo la First Interstate Bank lenye ghorofa 62. Mabomba ya sprinkla yalikuwa yameshawekwa karibu jengo zima. Maji hayakutoka, kwa sababu valvu zake zilikuwa zimefungwa zikisubiri vifaa vya kengele ya maji viwekwe. Walinzi waliona ishara za moshi kwenye paneli wakaziondoa zaidi ya mara moja. Kisha mfanyakazi wa matengenezo akapanda lifti kwenda kuangalia. Mlango ulifunguka ghorofa ya 12, kwenye moto, na hakurudi. Ghorofa zaidi ya nne ziliungua.

Kila kipande cha kisa hicho kimo ndani ya barua yako: kengele inayosubiri mtaalamu, valvu inayotaka kufungwa, walinzi wanaoibonyeza bila kupanda. Usifunge valvu. Zoni iache hai. Kama kuna usiku ambao ni lazima izimwe kwa ajili ya kazi, iandikwe kwenye daftari kwa saa, jina la aliyeizima na jina la atakayeirudisha, na awepo mtu anayezunguka ghorofa ile kwa miguu mpaka irudi.

Shikamoo mama. Mimi ni fundi kijana, nina miaka miwili kazini, niko Mombasa. Tunamalizia hoteli huko Nyali. Nikifungua valvu ya jaribio kule mwisho wa bomba maji yanatoka kwa nguvu, nahesabu dakika tatu, paneli kimya. Swichi ni mpya. Kiongozi wetu anasema paneli ndiyo mbovu irudishwe. Sitaki kubishana naye bila ushahidi. Nianzie wapi?
*Fundi kijana, Mombasa*

Marahaba baba. Umefanya vyema kutaka ushahidi kabla ya maneno. Utaupata kwa bisibisi moja na multimita, kile kipimo cha umeme.

Mweke mwenzako kwenye valvu ya jaribio na simu mkononi. Wewe fungua kifuniko cha swichi, usiguse kitu, tazama tu ule mkono mdogo. Mwambie afungue maji. Mkono usiposogea kabisa, tatizo liko ndani ya bomba. Ukisogea lakini kontakti zisifunge hata baada ya dakika moja na nusu, tatizo liko kwenye kichelewesho, au maji yanakuja kwa kusukasuka. Kontakti zikifunga, multimita ikathibitisha, na paneli bado kimya, basi tazama waya. Kila jozi ya kontakti ina mguu unaofunga saketi maji yakitembea na mwingine unaoifungua, na kuibadilisha hiyo miwili ni rahisi mno ukiwa juu ya ngazi na jasho machoni. Tazama pia risista ya mwisho wa laini, kile kipande kidogo kinachofungwa mwisho wa waya wa paneli, na kama zoni hiyo haikuzimwa kwenye programu ya paneli siku mafundi wa dari walipokuwa wanakata mbao. Kwenye majengo mapya hilo nimelikuta mara nyingi. Paneli yenyewe ndiyo mshukiwa wa mwisho.

Nahisi kwako mkono hausogei. Tazama mshale ulioko kwenye swichi: lazima uelekee maji yanakokwenda, yaani kutoka kwenye raiza, bomba kuu linalopanda ghorofani, kuelekea vyumbani. Pima umbali. Watengenezaji hutaka swichi ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye kona na sentimita 60 kutoka kwenye valvu, maana karibu na hapo maji huja yakizunguka na kasia haliwi na msimamo. Kisha mwaga maji, fungua yale maboliti ya kukumbatia bomba, uitoe swichi uone tundu.

Nikueleze kwa nini nasisitiza tundu. Miaka mingi iliyopita, kwenye ghala moja Tanga, nilikuwa na tatizo kama lako. Mshale sawa, waya sawa, swichi nimebadilisha mara mbili. Siku ya tatu nikaingiza kidole kwenye tundu nikakizungusha taratibu kwenye ukingo wa ndani. Nikakuta mahali pa ukali, chuma kimebaki kama jino, na kasia lilikuwa linajishika pale. Nikalisugua kwa tupa. Lakini nilipomulika tochi ndani zaidi, mita moja mbele, kwenye kona, nikaona kitu cha duara kimesimama wima kama sarafu kwenye mpasuo. Kilikuwa kile kisahani kinachokatika bomba linapotobolewa, upana wa milimita 50. Kilidondokea ndani siku ya kutoboa, na hakuna aliyejiuliza kiko wapi. Kwa mtiririko wa jaribio kilikuwa kinasumbua tu. Kwa sprinkla kumi zilizopasuka kingeweza kulala na kuyaziba maji ya upande mzima wa ghala.

Tangu siku ile, kila tundu ninalotoboa, kisahani chake nakitoboa tundu dogo nakifunga kwa waya kwenye swichi yenyewe kining'inie hapo. Mkaguzi akija anakiona bila kuuliza. Fanya hivyo kuanzia kazi hii, na kama visahani vya swichi zenu za hotelini hamvioni, vitafuteni kabla dari halijafungwa.

Jambo moja zaidi, kwa sababu umeandika maji yanatoka kwa nguvu. Ncha ya valvu ya jaribio inatakiwa iwe na tundu lenye ukubwa sawa na sprinkla ndogo kuliko zote kwenye mfumo. Ikiwa bomba liko wazi bila kizuizi hicho, unaijaribu swichi kwa maji mengi kuliko sprinkla moja itakavyotoa, na ikilia hapo bado hujajua kama italia kwa sprinkla moja. Weka kizuizi sahihi, shika saa, jaribu mara tatu. Zote tatu ziwe ndani ya sekunde 90. Andika hizo sekunde kwenye fomu ya makabidhiano, kwa sababu atakayekuja kujaribu baada ya miezi sita atataka kujua swichi ilikuwa na kasi gani ikiwa mpya. Na hiyo miezi sita isipite: swichi za kasia hujaribiwa mara mbili kwa mwaka kwa kanuni za NFPA. Kama hoteli ina kengele inayozungushwa na maji ukutani, kanuni za Ulaya za EN 12845 zinataka ipigwe kila wiki, isipungue sekunde 30.

Assalaam alaykum Bibi Fundi. Mimi ni mtu wa Pemba, nafanya kazi ya matengenezo Muscat, kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa. Mabomba yetu ya sprinkla yana hewa, maji yanasubiri nje ya chumba cha baridi. Swichi ya presha imeharibika na dukani wana floswichi za kasia kwa bei nafuu. Naweza kuifunga badala yake?
*Msomaji, Muscat*

Waalaykum salaam kaka yangu. Usiifunge. Kwenye bomba lililojaa hewa, sprinkla ikipasuka maji huingia kwa kishindo, na kasia la plastiki lililoundwa kwa maji yanayoanza kutembea polepole linaweza kuvunjika. Kipande chake kinaweza kusafiri mpaka kwenye sprinkla iliyo wazi na kuiziba, hapo hapo moto ulipo. Kasia ni la mabomba yenye maji muda wote. Mfumo wako unataka swichi ya presha kwenye valvu kuu, aina ile ile iliyotoka. Wakati unaingoja, zile chemba na vibomba vidogo vinavyoipelekea presha vifungue uvisafishe. Mara nyingi swichi inayosemwa imekufa imezibiwa na kutu tu, na huenda ukajiokolea pesa hata hizo za dukani.

Habari yako mama. Niko na swali. Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku kwa mall fulani hapa Nairobi. Kengele ya sprinkla ikilia saa tisa usiku, nitajuaje kama ni ukweli kabla niamshe watu? Mwaka jana niliita zimamoto na wakakuja wakakosa moto. Meneja alinikata mshahara wa siku moja. Tangu siku hiyo nikisikia hiyo kengele moyo unanienda mbio, siogopi moto, naogopa kupiga simu.
*Mlinzi, Nairobi*

Nzuri baba, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Ikilia, ichukue kuwa ni kweli. Usiinyamazishe wala kuiondoa kwenye paneli kabla mtu hajaona kwa macho, kwa sababu ile ishara inakuambia ni upande gani, na ukiiondoa umejifuta njia. Kama mko wawili, mmoja apande kwa ngazi na redio, asitumie lifti hata kama ni ghorofa moja. Akifika mlangoni aguse mlango kwa mgongo wa mkono kabla ya kuufungua. Wa pili aende chumba cha pampu. Pale kuna majibu matatu ya haraka. Pampu kubwa ikiwa inanguruma na haizimiki, maji yanatoka mahali. Geji ikiwa iko chini na haipandi ilhali pampu inafanya kazi, maji yanatoka mahali. Na weka kiganja kwenye bomba kuu: bomba ambalo maji yanapita linatetemeka, linavuma kama mzinga wa nyuki, na linapoa haraka kuliko yale ya jirani. Kengele ya hewa hukaa dakika moja au mbili, joki inazimika, geji inasimama. Ya moto haikomi.

Ukiwa peke yako, usipoteze muda kuamua. Piga 999 au 112 kwanza, halafu nenda kwenye pampu. Wasomaji wa Tanzania, kwenu ni 114. Zimamoto wakiwa njiani na ukagundua hakuna kitu, unawapigia tena kuwaeleza. Na kama sprinkla imetoka kweli na moto umezimika, usifunge valvu mwenyewe. Subiri afisa wa zimamoto aseme, maana moto uliolala chini ya rundo la nguo dukani huamka maji yakikatwa.

Omba pia kitu kimoja. Mafundi wakija kufanya jaribio lao, waambie unataka kusimama kwenye chumba cha pampu wakati wenzao wamefungua valvu ya jaribio kule mwisho. Tundu lile ni sawa na sprinkla moja. Weka mkono kwenye bomba, sikiliza, tazama geji, kaa hapo dakika mbili nzima, ili usiku ule ukija mkono wako uwe unakijua unachokigusa.

Na wewe meneja, kama gazeti hili limefika mezani kwako: huyu kijana alifanya kile kile ulichomwajiri akifanye. Kengele iliyolia bila moto ni kazi ya fundi wa pampu na hewa iliyo kwenye mabomba yako. Mrudishie mshahara wa siku ile, tena mbele ya wenzake wa zamu, ili nao wajue wanaweza kupiga simu.